Mgonjwa Aliyepiga Simu Kila Asubuhi

Namsifu Mwenyezi Mungu, Mwenye kusikia, ambaye mja wake humwita bila waya wala laini, na hakuna saa aliyomkuta ana shughuli nyingine. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na watu wake, na kila aliyetufundisha walau herufi moja ya kheri. Baada ya hayo, wanangu, kaeni nami kidogo.

Nawaandikia nyinyi mnaovuta intaneti nyumba kwa nyumba hapa Chamazi. Nawaona mnavyopanda juu ya mabati na waya mabegani, na nawaombea msianguke. Juzi wawili wenu walikuja kwangu kufunga kile kisanduku chenu cheupe. Wakaiona modemu yangu ya zamani juu ya kabati, wakauliza kama ni redio. Nikawaambia ni chombo changu cha kazi.

Mmoja akacheka. "Bibi, kumbe ulikuwaga fundi wa mtandao?"

"Kabla mama yako hajaolewa."

"Sasa enzi hizo mlikuwa mnaunganishaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui pa kuanzia. Wakamaliza kazi, wakaniamkia, wakaondoka, nami nikabaki nimekaa vilevile. Ndiyo maana naandika. Kwa kalamu naweza kuanza, nikakosea, nikaanza tena.

Jambo la kwanza ni hili: sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya bila kuelewa vizuri kinachoendelea. Sisemi kwa unyenyekevu, ndivyo ilivyokuwa. Kitu kinakataa, unabadilisha hiki, unabadilisha kile, mara kinakubali, na hujui ni kipi kilichokifanya kikubali. Mkiona mnachanganyikiwa kazini, msidhani mmepotea njia. Mimi nilichanganyikiwa mpaka nikastaafu, na mshahara nililipwa.

Sasa, tuliunganishaje? Kompyuta ya mbali ilikuwa mbali kweli. Ya kwako ilipiga simu kupitia modemu, kama mtu anavyopiga. Simu ikaita upande wa pili. Modemu ya huko ikapokea, kisha zote mbili zikaanza kupigiana kelele: moja inapiga mluzi, nyingine inakoroma, ya kwanza inajibu kwa mlio mwingine. Zikishakubaliana mwendo zinanyamaza, na herufi zinaanza kupita. Watu wa ofisini walizichukia zile kelele. Mimi nilizipenda, kwa sababu yalikuwa maamkizi. Nilikulia Lindi, nikasoma chuoni kwa maalimu ambaye alikuwa hafungui msahafu mpaka kila mtoto ameitikia salamu. Nikafurahi kuona hata mashine haianzi mazungumzo bila kuamkiana.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Komba, Mngoni wa Songea, Mkatoliki aliyefunga Kwaresima kweli kweli. Alikuwa fundi wa teleksi, zile mashine za kupeleka maandishi kwa waya, na mimi nilikuwa mpiga teleksi. Teleksi zilipokufa, ofisi yetu ya bohari hapo Temeke ikatutupa sote wawili kwenye kompyuta, kama mtu anayetupa vyombo vya zamani kwenye nyumba mpya. Yeye alielewa upesi. Mimi nilimfuata nyuma na maswali.

Wiki zangu za mwanzo niliunganisha kompyuta ya Lindi, na skrini ikajaa alama za ajabu: mabano, nyota, herufi zenye mikia. Nikamkimbilia.

"Mzee, shikamoo. Kompyuta ya Lindi inaongea Kichina."

"Marahaba, binti. Haiongei Kichina. Inaongea Kiswahili haraka kuliko unavyoisikiliza."

Akaniuliza nimeweka mwendo gani upande wetu. Nikamwambia. Akauliza Lindi wameweka mwendo gani. Haikunipitikia kamwe kwamba Lindi nao walikuwa na mwendo wao. Tukaufananisha, skrini ikasafika, na hapo ikatokea orodha ya saruji na mabati iliyoandikwa kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Tangu siku hiyo, kila nikiona takataka kwenye skrini, kwanza niliuliza: wenzetu wa upande wa pili wanahesabu vipi? Nadhani hata kwenye mitambo yenu ya leo swali hilo bado lina kazi.

Waya nazo zilinitesa. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na tundu la pini tisa, na tulichoma waya wenyewe kwa risasi ya kulehemu. Ukitaka kuunganisha kompyuta na kompyuta bila modemu katikati, pini ya kutuma ya huku lazima iende kwenye pini ya kupokea ya kule. Mimi nilizinyoosha, kutuma kwa kutuma, kupokea kwa kupokea, kwa sababu ilionekana ni adabu kila kitu kiende kwa mwenzake. Haikufanya kazi. Nikaenda kuswali adhuhuri, nikaomba, nikarudi. Haikufanya kazi vilevile. Nawaambia hili kwa sababu wapo wanaodhani ukiswali, waya unajigeuza. Mzee Komba alinikuta nimejiinamia, akauelekeza mdomo wake kwenye mdomo wangu, kwa mbali kidogo, kwa heshima, akasema, "Haya, tuzungumze hivi. Nani anasikia?" Kisha akageuza sikio. Sikuhitaji maelezo mengine. Nikashika kikata waya.

Na kulikuwa na ile alama ya mkato. Simu za ofisini zilipitia ubao wa simu uliogawa laini kwa vyumba vyote, kwa hiyo modemu ilibidi ibofye sifuri kwanza ndipo ipate laini ya nje. Ikibofya namba zote kwa pupa, laini ya nje haijafunguka, simu inakwenda kusikojulikana. Dawa ilikuwa kuandika mkato baada ya ile sifuri. Mkato mmoja ni pumzi moja. Ubao wetu ulikuwa mzee kama Komba, kwa hiyo tuliupa mikato miwili. Mpaka leo nikiandika barua naweka mikato mingi, wanangu wa kuzaa wananicheka.

Nimejikuta mbali na nilichotaka kusimulia. Nilitaka kuwapeleka Kimbiji.

Kule Kimbiji, ng'ambo ya Kigamboni, kulikuwa na kituo cha afya, na ndani yake kompyuta moja iliyohesabu dawa zilizobaki. Kila siku kompyuta yetu ya Temeke iliipigia simu, ikachukua hesabu, na kwa hesabu hiyo bohari ikajua lori lipakie nini. Barabara ilikuwa mbaya na mafuta yalikuwa shida, kwa hiyo lori halikwenda kubahatisha. Kituo ambacho hesabu yake haikufika, lori lilikipita.

Karani wa kule aliitwa Bi. Somoe. Mwanamke wa makamo, mwenyeji wa pwani hiyo hiyo, sauti yake nzito na ya taratibu. Nilikuwa sijawahi kumwona, ila tuliongea kwa simu. Ile laini ya kituo ndiyo ilikuwa simu ya kijiji kizima. Mtu wa mjini akitaka kuongea na mama yake, anapiga kituoni, Bi. Somoe anapokea na kumtuma mtu akamwite mama, na mpigaji anaambiwa apige tena baadaye. Modemu na simu ya mezani vilitumia laini moja. Hapo shikeni vizuri, maana mimi sikushika.

Mzee Komba ndiye aliyekwenda kuufunga mtambo ule. Alirudi akasema kila kitu kiko sawa, na kweli kikafanya kazi miezi mingi. Kompyuta yetu ilipiga kila jioni, watu wakiwa wameshafunga ofisi. Kisha akastaafu, nikabaki peke yangu na modemu zake.

Akaja Meneja mpya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka na mwenye kichwa kinachouma. Aliagiza mawili. Kwanza, simu za kuchukua hesabu zipigwe asubuhi, ili azione tarakimu mbichi kabla lori halijapakiwa. Pili, modemu zote zizimwe sauti.

"Bi. Saada, hizo kelele zako kama paka wamefungiwa kwenye debe. Haziwezi kunyamaza?"

"Zinaweza, Meneja."

"Basi zinyamaze."

Kulikuwa na amri ya kuizima spika ya ndani. Nikaiandika, ofisi ikatulia, kila mtu akanishukuru.

Tangu wiki hiyo Kimbiji ikaanza kunichanganya. Asubuhi moja haiunganiki, inayofuata haiunganiki, ya tatu inaunganika kama hakuna lililotokea, kisha inakataa tena. Nikibonyeza, skrini inasema inapiga, nasubiri karibu dakika nzima, inaniambia hakuna mawasiliano. Laini ilikuwa nzima, kwa sababu nikipiga kwa mkono Bi. Somoe anapokea mara moja.

"Bi. Somoe, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Temeke?"

"Njema. Kompyuta imewashwa?"

"Imewashwa. Taa ya kijani inawaka. Mie siigusi, Mzee Komba aliniambia nisiiguse, basi hata vumbi nalipuliza kwa mbali."

"Umeme haukukatika?"

"Haukukatika. Lakini tufupishe, mwanangu, saa hizi nina mgonjwa wangu wa kwenye simu."

Kituo cha afya kuwa na mgonjwa ni jambo la ajabu gani? Nikamtakia mgonjwa wake afya njema, nikakata, nikarudi kuchanganyikiwa.

Nilibadilisha mwendo. Nilibadilisha waya. Niliongeza mkato wa tatu. Nikashusha modemu yetu, nikapandisha nyingine. Nikapiga Lindi, ikakubali. Nikapiga Mafia, ikakubali. Kimbiji ikakataa. Halafu siku ambayo sikugusa chochote, ikakubali. Nikajaribu kukumbuka nilivaa nini siku hiyo, nikamwomba Mungu msamaha kwa kuwaza hivyo.

Na mjue kwamba upande wa pili wa kuchanganyikiwa kwangu kulikuwa na watu. Asubuhi za safari ya lori hesabu haikufika, kwa hiyo lori liliipita Kimbiji, likaipita tena. Bi. Somoe akanipigia mwenyewe, akaniambia vidonge vya malaria vimekwisha na mganga anagawa nusu dozi. Nikaenda kwa Meneja nikamwambia hesabu ninayo kwa mdomo.

"Hesabu ya mdomo sipakilii lori," akasema. "Dawa zilishaibwa sana kwa hesabu ya mdomo."

Kisha Meneja mwenyewe akagundua jambo. Alimpigia mganga wa kituo, akamuuliza siku ambazo Bi. Somoe hakuwepo. Zilikuwa siku za kliniki, alipofunga ofisi kwa ufunguo na kwenda vijiji vya jirani kupima watoto uzito. Akaja mezani kwangu na kalenda mkononi.

"Tazama, Bi. Saada. Siku ambazo karani hayupo, kompyuta inaunganika. Siku zote akiwepo, haiunganiki. Hata mara moja. Hiyo ni bahati tu?"

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Hakukuwa na siku hata moja iliyokwenda kinyume.

"Anaichomoa," akasema. "Anatuficha hesabu. Dawa zinatoka kwa mlango wa nyuma."

"Meneja, huyu mama hata vumbi analipuliza kwa mbali."

"Sasa nieleze wewe. Wewe ndiye fundi. Hitilafu gani ya mtambo inaujua mguu wa mtu?"

Nawaambieni, wanangu, hakuna kitu kibaya kama kujua moyoni kwamba mtu ni mwema huku kichwa chako mwenyewe kinakwambia kwamba yeye ndiye. Mimi nilivyojua, modemu ya Kimbiji ilipokea simu ikiita mara ya kwanza tu, kabla mtu hajanyoosha mkono. Kama haikupokea, basi ilikuwa imechomolewa. Na nani mwingine alikuwa na ufunguo?

Meneja akaniambia niandike kama fundi kwamba mtambo unazimwa kwa makusudi. Karani mwingine alikuwa ameshaambiwa afunge mizigo yake, angekwenda na lori kesho yake. Bi. Somoe angeondolewa, na jambo lake lingekwenda polisi. Kijiji kizima kingemwona akipandishwa gari. Mwanamke ambaye kila mama wa Kimbiji alisikia sauti ya mwanawe kupitia kwake.

Asubuhi hiyo niliswali dhuha kwenye chumba cha stoo, kati ya maboksi ya nyaya. Nikamwambia Mola wangu: mimi sijui, na Wewe wajua, usiniache niandike nisilolijua. Sikuota ndoto wala sikuona nuru. Nilichopata ni wazo dogo sana, hata aibu kulitaja: kwamba nimekuwa nikitazama tu. Tangu Meneja aagize, sikuwa nimesikiliza hata simu moja.

Nikaenda kwake, alikuwa anakunywa chai.

"Meneja, kabla sijaandika, naomba nipige mara moja na sauti."

"Paka wako wale?"

"Mara moja tu. Ukitaka, ziba masikio."

Akaja na kikombe chake, akasimama nyuma ya kiti changu. Nikaandika amri ya kurudisha sauti, nikapiga. Tukasikia mvumo wa laini, namba zikibofywa, mikato yangu ikipumua, kisha simu ya Kimbiji ikiita. Ikaita mara moja. Nikasubiri kelele. Hakuna. Ikaita mara ya pili. Nikashika meza. Kikasikika kishindo kidogo, mkonga wa simu ukinyanyuliwa, na ndani ya kile kisanduku cha plastiki cha modemu ikatoka sauti ya mwanamke, nzito na ya taratibu.

"Asalaam aleykum. Kituo cha Afya Kimbiji, karibu."

Modemu inayopiga simu, kabla haijajibiwa na mwenzake, hutoa mlio mfupi, inanyamaza, inatoa tena. Yetu ikatoa. *Piii.*

"Haya, ndiyo wewe. Umeamkaje leo?"

*Piii.*

"Afadhali. Jana ulikata upesi, nikalala na wasiwasi."

Meneja akaweka kikombe chini.

"Usijilazimishe kusema," Bi. Somoe akaendelea. "Wewe lia hivyo hivyo, mie nakusikia. Kifua bado kinabana?"

*Piii.*

"Pole. Maji ya moto unakunywa? Ukipata mtu hapo ulipo, mwonyeshe kwa mkono akulete. Hapa hatumfukuzi mtu, hata kama hana kitu. Dawa kwa sasa hatuna, lori limetusahau, lakini tutakutazama. Haya, tuombe dua yetu kabla hujakatika."

Akaanza kuomba. Hakuharakisha. Alisema: ewe Mola, huyu mja wako hana ulimi wa kulisema linalomuuma, na Wewe huhitaji aseme. Mpunguzie. Mrudishie sauti yake. Na kila alipovuta pumzi, modemu yetu iliitikia. *Piii.*

"Anaongea na nani?" Meneja akauliza, kwa sauti ya chini kama tuko msikitini.

"Anaongea na sisi, Meneja."

Nilijua sekunde zimebaki chache modemu ikate. Nikanyanyua mkonga wa simu iliyokuwa pembeni, nikabonyeza kitufe modemu iiachie laini. Mlio ukakoma. Nikasema, maana nilikuwa na deni la wiki nyingi la kuitikia:

"Waaleykum salaam, Bi. Somoe."

Likatoka yowe ambalo nadhani lilifika baharini.

"Alhamdulillahi! Amesema! Mganga, njoo, njoo, yule bubu amesema!"

"Bi. Somoe, ni mimi. Saada, wa Temeke."

"Saada? Mwanangu, toka kwenye laini! Mgonjwa wangu ndiyo kwanza amefungua kinywa!"

Ilinichukua muda kumwelewesha, na nusu ya muda huo nilikuwa nacheka na kulia pamoja, kwa hiyo sikuwa mwalimu mzuri. Nilimwambia ile ilikuwa kompyuta yetu inaitafuta kompyuta yake. Akaniuliza kwa nini basi ilikuwa ikimjibu. Nikamwambia haikuwa ikimjibu. Akasema, "Ilikuwa inajibu, mwanangu. Nikiuliza, inasema. Nikinyamaza, inaningoja."

Akanieleza kwamba asubuhi ya kwanza alipoisikia ile sauti, alikata, akidhani laini mbovu. Ikapiga tena. Akawaza: hiki ni kituo cha afya, na huyu anayepiga kila asubuhi saa ile ile na kulia bila maneno ni nani kama si mtu anayeumwa asiyeweza kusema? Tangu hapo alivuta kiti karibu na meza kabla simu haijalia. Hakuacha ilie mara ya tatu. Siku za kliniki alikwenda vijijini kwa moyo mzito, akijua mgonjwa wake atapiga na hatampata mtu. Na siku hizo ndizo kompyuta yake ilizopata nafasi ya kupokea.

Jioni nilimfuata Mzee Komba kwake Mtoni, nikamkuta anamwagilia mchicha. Nikamuuliza modemu ya Kimbiji inasubiri simu iite mara ngapi. Akasimama na ndoo yake.

"Niliiambia isubiri mara nyingi," akasema. "Siku nilipokuwa kule, kijana wa mjini alipiga kumuuliza mama yake hali, modemu ikampigia kelele sikioni. Nikaona si vizuri. Mtu apokee kwanza, mashine ingoje. Jioni wakiondoka, inapokea yenyewe. Kwani sikukwambia?"

"Hukuniambia, mzee."

"Nilidhani nilikwambia." Akamwagia mchicha. "Kwani mnapiga asubuhi? Nani anapiga asubuhi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Komba alifanya wema. Meneja aliagiza jambo la maana. Bi. Somoe alipokea simu kama mtu aliyelelewa vizuri. Kila mmoja alifanya sawa, na vikiwekwa pamoja, mwanamke mwema alikuwa anapelekwa polisi. Mpaka leo nikilifikiria jambo hili kichwa kinazunguka. Ninachoweza kuwapa kama fundi ni kidogo: ukibadilisha kitu, mwambie mwenzako, hata kama unadhani ulishamwambia. Na usizime sauti ya chombo kwa sababu tu inakera.

Meneja alilichukua lile karatasi langu jeupe ambalo sikuwa nimeliandika, akalikunja, akalitia mfukoni. Asubuhi yake lori lilipakiwa kwa hesabu ya mdomo, na yule karani mwingine akaambiwa afungue mizigo yake. Meneja alikwenda na lori mwenyewe, akapanda pantoni na kichwa chake kinachouma. Sikumuuliza alimwambia nini Bi. Somoe, ila alirudi na pweza mkavu, akanigawia.

Baada ya hapo tulifikiri kumwambia Bi. Somoe aiache simu ilie kila asubuhi saa ile. Nilimpigia nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwanangu, naweza kuiacha. Lakini siku atakapopiga mgonjwa wa kweli saa hiyo hiyo, mie nitamjuaje?"

Nikampa Meneja simu ajibu. Meneja akashika mkonga, akafikiri, akanirudishia. Tukarudisha simu zipigwe jioni, ofisi ikiwa imefungwa. Kwa nini hatukufikiri hivyo tangu mwanzo, msiniulize.

Miaka ikapita. Bi. Somoe alistaafu kabla yangu. Nilikutana naye ana kwa ana mara moja tu, kwenye maulidi Mbagala, mwanamke mfupi kuliko sauti yake. Nilimtambua alipoitikia salamu yangu. Alinishika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akanisogeza pembeni mbali na wenzake, akaniuliza kwa siri:

"Yule mgonjwa wenu, yupo?"

Nikamtazama usoni nione kama anatania. Sikuona utani. Sikuona pia kama hakuelewa, kwa maana alikuwa mwanamke mwenye akili kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi. Sijui aliuliza nini hasa. Nimelibeba swali lile miaka yote hii na bado sijui.

"Yupo," nikamwambia. "Hajambo."

"Sauti ilirudi?"

"Ilirudi, Bi. Somoe."

"Alhamdulillahi," akasema, na akaniachia mkono, tukaenda kula.

Kisanduku chenu cheupe kiko ukutani kwangu sasa, kinawaka taa na hakisemi neno. Sijui kinaamkianaje na wenzake. Asubuhi nikipita karibu yake nakisalimia, na mjukuu wangu mkubwa ananiambia, bibi, hakisikii. Namjibu, labda.

Nawe uliyesoma mpaka hapa: Mwenyezi Mungu akupe kazi yenye kheri na subira ya kuibeba usipoielewa. Na siku utakayokuwa na maumivu na huna ulimi wa kuyasema, akujaalie mtu wa kunyanyua mkonga kabla simu haijalia mara ya tatu, akuulize umeamkaje, na akae nawe kwenye laini. Amin.